Mambo Tuliyomwambia Mama Kapita

Jina lake nalijua, lakini sitalitaja. Sisi tuliofanya kazi chini yake tulimwita Mama Kapita, na hata waliokuja kumchukia hawakupata jina jingine la kumwitia. Kapita, katika Gisenyi ya miaka ile ya hamsini, mji wetu wa kando ya ziwa, mpakani na Goma, alikuwa msimamizi aliyewekwa kati ya mzungu na wafanyakazi: amri zikishuka zinaanzia kwake, lawama zikipanda zinapitia kwake. Wengi walikuwa wanaume. Yeye alikuwa mwanamke wa kwanza niliyemsikia akiitwa hivyo, na mpaka leo nikilisikia neno hilo ninamwona: mrefu, amekonda, kitenge amekifunga juu kidogo kuliko wanawake wengine ili kisimzuie kutembea.

Tulikuwa tukichambua kahawa. Malori yaliishusha kutoka Kanama na vilima vingine vya juu ya ziwa, mashine zikaikoboa upande wa pili wa ukuta, kisha ikamwagwa juu ya meza zetu ndefu. Kazi yetu ilikuwa kuondoa punje nyeusi, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu. Ulikaa macho chini, vidole vikikimbia, tangu asubuhi mpaka jua lielekee upande wa Goma. Vumbi la maganda liliingia puani, likaingia kwenye nywele, ukirudi nyumbani ulilikuta hata kwenye chakula.

Kabla ya Mama Kapita palikuwa na mwanamume mwenye kiboko. Mimi sikumkuta, ila wanawake wa zamani walinionyesha alama mabegani. Halafu akaja direkta mpya, mkuu wa kiwanda, mzungu mfupi mwenye sauti ya upole, akasema hataki kiboko. Akamwita yule mwanamke mwenye vidole vyepesi kuliko wote na kumwambia kwamba kuanzia siku ile ndiye kapita. Maneno aliyoambiwa aliwasimulia wenzake mwenyewe, akiiga Kiswahili cha yule mzungu, nao wakacheka.

“Alisema: wewe fundisha wao. Wewe jua wao kama watoto yako. Mutu akipendwa, yeye fanya kazi muzuri.” Alipomaliza kuiga, uso wake ulibadilika. “Bon, haya. Mutanicheka leo. Lakini mi nitaifanya hivyo kweli.”

Na aliifanya. Hilo lazima niliseme kwanza, kwa sababu waliokuja baada yetu walisimuliwa mwisho wake tu.

Siku yangu ya kwanza nilikuwa msichana wa kumi na sita, binti wa fundi cherehani wa mtaa wa Waswahili, na nilijua kushona vifungo kuliko kuchambua kitu chochote. Alisimama nyuma yangu, akaweka viganja vyake juu ya mikono yangu, akaitembeza mezani kama mtu anayemsaidia mtoto kutembea. Vidole vyake vilikuwa vikavu na vya moto. Tulichambua hivyo pamoja, mikono minne, mpaka nikaanza kuhisi tofauti ya punje nzima na punje yenye tundu kabla jicho langu halijafika. Ndipo akaondoka, akaenda kwa mwingine. Kila mgeni alifundishwa hivyo. Wasichana wagumu wa kujifunza alikaa nao siku nyingi, na magunia ya kusafirishwa yakachelewa, na direkta akatoka ofisini kuuliza kulikoni. Mzungu huyo alitaka tufundishwe, ila hakutaka kungoja tujifunze. Mama Kapita alimjibu, “Ndiyo, Bwana,” kisha akafanya kazi ya wale wagumu kwa mikono yake mwenyewe wakati sisi tunakula.

Jumapili nyumba yake ilikuwa wazi. Alikuwa na chumba kimoja na ua, si mbali na kwetu. Alipika chai ya tangawizi na viazi vitamu, na yeyote wa meza zetu aliyetaka alikuja, Mwislamu au Mkristo, wa mjini au wa kando ya ziwa. Hakumkalia mtu usoni akimhoji. Alikugeuzia mgongo, akaosha vyombo, na kwa sababu hukuyaona macho yake ulijikuta unasema. Tulimwambia nani amepigwa na mumewe, nani amehama kwa mama mkwe, nani ana mimba na hataki ijulikane. Akisikia jambo zito aliacha kuosha, mikono ikabaki ndani ya maji, lakini hakugeuka.

“Maneno ya hapa inabakia hapa,” alisema kila mara. “Kule mi ni kapita. Huku mi ni mama. Mulango iko katikati, na ufunguo iko kwangu.”

Tuliamini, na nadhani yeye aliamini zaidi yetu.

Siku moja mama yangu aliugua homa kali. Mama Kapita alikuja jioni na bakuli la uji, akamlisha kwa kijiko, akamkanda miguu, akaniambia, “Lala kidogo, mutoto yangu, mi niko.” Alfajiri homa ilipanda tena, nikachelewa kazini. Nilimkuta mlangoni amesimama.

“Rudi nyumbani, Hadija. Leo nimekuandika haupo.”

“Mama, lakini wewe mwenyewe ulimwona!”

“Jana nilikuja kwa mama yako. Leo we umekuja kwa kazi. Wenzako walifika.” Sauti yake haikuwa na hasira. “Nikikuachilia, kesho watasema mi niko na mutoto wa kwanza na wa mwisho.”

Nililia njia nzima. Lakini mchana wake, saa ya chakula, alikuja tena na uji, akauliza homa imefika wapi, kama kwamba yule wa mlangoni alikuwa ndugu yake tu anayefanana naye. Nilishindwa kumchukia. Nilishindwa pia kumpenda kama nilivyompenda juzi. Wengi wetu tulikaa naye hivyo, katikati.

Na kweli watu walisema. Akimsifu mmoja, mwingine alinuna wiki nzima. Akimwonya mmoja kwa upole pembeni, wengine walinong’ona kwamba wawili hao wanapanga jambo. Wale aliokaa nao mezani miaka mingi kabla hajapanda cheo walikuwa wagumu kuliko wote, maana walimjua alipokuwa akiiba usingizi nyuma ya magunia kama wao. Ni mmoja tu aliyebaki kuwa rafiki yake: Velonika, mjane wa Kanama, aliyekuwa amekaa kulia kwake tangu enzi ya kiboko. Walikuwa wakiitana dada. Velonika alikuwa mtu mzima, mcheshi, mwenye kicheko kilichotangulia maneno, na ndiye peke yake aliyethubutu kumwambia Mama Kapita mbele za watu, “Dada, sasa unasema kama muzungu.”

Jumapili moja nilikuwa uani kwake nikimenya viazi. Velonika alikuja, akakaa, hakucheka. Hakugusa chai yake mpaka ikapoa.

“Dada,” alisema mwisho, “macho yangu inakufa.”

Mama Kapita akaacha kuosha. Mara hiyo aligeuka.

“Tangu lini?”

“Tangu mvua ile ingine. Asubuhi iko sawa. Jua ikigeuka, kahawa yote inakuwa kitu moja. Nyeupe, nyeusi, sioni. Ninashika tu.” Alinielekezea kidevu. “Na we mutoto, funga mudomo.”

“Hadija anajua kufunga,” Mama Kapita alisema. Akamshika Velonika uso kwa mikono yake yenye maji, akamwelekeza kwenye mwanga, akamtazama jicho moja, kisha jingine. “Usiambie mutu. Mi nitapanga.”

Alipanga. Kesho yake alimhamishia Velonika meza ya dirishani, penye mwanga mwingi, na mimi akaniweka kando yake. Velonika alichambua kwa kugusa, mimi nikapitisha mkono baada yake, nikatoa zilizompita. Kwa msimu mzima hakuna gunia la meza yetu lililorudishwa. Nilimwona Mama Kapita akipita nyuma yetu, akigusa bega la Velonika kwa kidole kimoja, akaenda zake. Sijui kama nimewahi kuona fahari ya kimya kama ile.

Kisha mvua ziliharibu maua, na kahawa ya mwaka uliofuata ikaja kidogo. Malori yalikuwa yakifika nusu. Tulichambua asubuhi, mchana tukafagia mahali pasipo na uchafu ili tusionekane tumekaa. Kila mtu alijua neno gani linakuja.

Direkta alimwita Mama Kapita ofisini asubuhi. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka alisimama katikati ya meza, mikono ameifungia nyuma, na alitazama ukuta.

“Kahawa imepunguka,” alisema. “Wengine watarudi nyumbani. Nikimutaja mutu asimame.”

Jina la kwanza lilikuwa Velonika.

Hayo mengine sikuyasikia vizuri. Yule aliyekuwa na mimba alitajwa. Yule aliyekuwa akipigwa usiku na kufika kazini mikono ikitetemeka alitajwa. Wote waliokuwa wamekunywa chai ile na kufungua mioyo yao walikuwa wanasimama mmoja mmoja, na waliokaa walikuwa wale ambao hawakuwahi kwenda Jumapili, au waliokwenda bila kuwa na la kusema.

Velonika alijipangusa vumbi mikononi polepole. Hakuinua sauti.

“Dada, siku ile mi niliambia mama. Nani alienda kuambia kapita?”

Upande wa pili wa ukuta mashine iliendelea kukoboa. Tulimngoja Mama Kapita ajibu.

“Muchukue vitu yenu,” alisema.

Velonika alitoka akipapasa kingo za meza, maana jua lilikuwa limekwisha kugeuka. Nilitaka kumshika mkono, akautoa.

Baada ya hapo Jumapili zilikufa. Yeye aliendelea kupika. Nilipita mbele ya ua wake wiki ile, nikaona sinia limewekwa, vikombe vimepangwa, mvuke unatoka kwenye birika, na yeye ameketi peke yake amegeukia njia.

“Hadija, karibu.”

“Nimetumwa, Mama. Nitarudi.”

Aliitikia kwa kichwa. Wiki ya tatu birika halikuwepo.

Kazini alijaribu. Alipita nyuma ya kila mmoja akiuliza, “Uko muzima?” na kila mmoja akajibu, “Niko muzima, Mama.” Chumba kizima kilikuwa kizima. Hakuna aliyeumwa, hakuna aliyefiwa, hakuna aliyelala njaa. Akiweka mikono yake juu ya mikono ya mgeni, mgeni aliikaza kama mwizi aliyeshikwa. Hata kosa dogo hatukumuuliza tena namna ya kulirekebisha. Tulilificha chini ya kahawa nzuri. Na vidole vilikimbia kuliko zamani, maana mwenye hofu hana muda wa kupumzika. Direkta alitoka ofisini, akapita kati ya meza, akasema kwa sauti yake ya upole, “Muzuri, kapita. Sasa wewe najua kuongoza watu.” Mama Kapita alisema asante.

Katika wageni wa msimu uliofuata alikuwapo Feresita, binti wa mvuvi, mwembamba, mwepesi, mwenye aibu. Alipokuwa na miezi michache kazini akaanza kukohoa. Mwanzoni tulidhani ni vumbi, sote tulikohoa. Kisha kikohozi chake kikashuka chini, kikawa cha kifuani, na jioni mashavu yake yaling’aa kwa homa. Alitusihi tusiseme. Baba yake alikuwa amevunjika mkono, wadogo zake walikuwa wengi, na yeye alijua, kama tulivyojua, nani hutajwa kwanza.

Ndipo mwanamke mmoja wa meza yetu, mzee kuliko sisi, akaanza kuimba. Alianza Mama Kapita alipoingia mlangoni, na Feresita alikuwa ameshika kitambaa mdomoni akijizuia. Tulidaka wimbo. Tukaimba kwa nguvu, nyimbo za mavuno, za harusi, kwa Kinyarwanda na Kiswahili, na kikohozi kikazama ndani yake. Ikawa desturi. Akikaribia, tunaimba. Akienda mbali, tunanyamaza na Feresita anakohoa mpaka machozi yanamtoka.

Mama Kapita alisimama siku ile ya kwanza akisikiliza. Hatukuwa tumeimba tangu Velonika aondoke. Nilimwona uso wake ukilegea polepole, kama mtu anayevua viatu vinavyobana. Alipiga makofi kidogo. Siku zilizofuata akaanza kuitikia, kwa sauti nene nzuri ambayo sikujua anayo, akipita kati ya meza na kuimba nasi, na sisi tukizidisha sauti kila alipoifikia meza ya Feresita. Siku moja aliniambia pembeni, kama mwenye haya, “Hadija, watu wamerudi kidogo, sivyo?”

Nilisema ndiyo.

Feresita alianguka asubuhi moja katikati ya kazi. Hakukohoa safari hiyo. Aliinama tu kama anayetafuta kitu, na damu ikamwagika juu ya kahawa iliyokwisha kuchambuliwa. Mama Kapita alimbeba mgongoni kama mtoto, akakimbia naye mpaka hospitali bila kumngoja mtu. Alirudi mchana damu imekauka kwenye nguo. Msichana hakutoka hospitali tena. Tulimzika kilimani juu ya ziwa, upepo ukipeperusha vitenge, na baba yake, mkono ukiwa bado umefungwa, alimshukuru Mama Kapita mbele ya watu wote kwa kumbeba mwanawe. Yeye alitazama chini tu.

Tuliporudi kazini alifunga mlango wa chumba.

“Alikuwa mugonjwa tangu lini?”

Tuliinamia kahawa.

“Mulijua. Mulikaa naye hapa, mukakula naye. Kwa nini hamukuniambia? Ningemupeleka!”

Yule mwanamke mzee alikuwa anachambua. Hakuinua kichwa.

“Ungemupeleka wapi, Mama? Hospitali ao kwao?”

Mama Kapita alikaa akimtazama. Kisha macho yake yakatembea kutoka meza hadi meza, yakafika kwangu, na niliona saa ile ile alipoelewa habari ya nyimbo. Alishika ukingo wa meza. Alisema “yewe,” kwa sauti ndogo, kama mtu aliyejikata kidole, akafungua mlango na kutoka nje.

Wiki ile alimwomba direkta amrudishe mezani, awe mchambuzi kama zamani. Direkta alisema kapita harudi mezani, watu watamdharau. Basi akaondoka. Hakutuaga, nasi hatukumfuata.

Mahali pake alikuja kapita mwanamume, mtulivu, asiyeuliza mtu habari zake, tukafanya kazi. Mwanamume huyo alipohamia Goma, direkta aliniita mimi. Nilikuwa nimeolewa wakati huo, mume wangu ameenda kutafuta kazi Katanga na haleti habari, na nilikuwa na mtoto mgongoni. Nilikubali. Direkta aliniambia yale yale: niwafundishe, niwajue kama watoto wangu.

Haikuchukua muda. Msichana mmoja, niliyemfundisha mwenyewe, alinifuata nyumbani akanieleza jambo lake. Sikumwita. Sikumpikia chai. Alikuja tu kwa sababu nilikuwa nimemsemesha vizuri, akalia, akaniomba nilifiche, nikamwambia nitaona. Sikulala vizuri. Siku ya pili yake, saa ya chakula, nilikwenda mpaka kwenye kizuizi kidogo cha mpakani, barabara ya Goma, kwa maana nilikuwa nimesikia Mama Kapita anafanya kazi pale.

Nilimkuta amekaa kando ya njia juu ya gunia la viazi vya Mudende, akipumzika. Alikuwa akiwabebea wachuuzi mizigo ya kuvusha upande wa pili. Nywele zilikuwa zimeingia mvi, mgongo umepinda kidogo. Alinijua mara moja.

“Nimesikia,” alisema. “Uko kapita sasa.”

Nilikaa chini karibu naye. Tukazungumza habari za mama yangu, za mtoto. Halafu nikamuuliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kumuuliza: siku ile ya Velonika, ofisini ilikuwaje.

Aliikunja kamba yake ya kubebea mizigo.

“Direkta hakuniuliza nani iko mubaya wa kazi,” alisema. “Ningesema hakuna. Aliniuliza: wewe unajua wao, donc, basi, nani atanichelewesha mwaka huu? Nikasema, Bwana, chagua we mwenyewe. Akasema, mimi nikichagua, nitakata meza muzima, ya dirishani ao ya mulangoni. Watu wako, chagua vizuri.” Alikwaruza udongo kwenye gunia. “Nilikuwa na watu wenye macho na mikono nzima. Ningemutoa nani juu ya Velonika? Nilifikiria wewe. Ulikuwa kando yake. Ningekutaja wewe, yeye angeanguka wiki ile ile. Nimepiga hesabu hii miaka, Hadija. Inaleta jibu moja kila siku.”

“Kwa hiyo hukukosea.”

“Sijasema hivyo.”

Wabebaji walikuwa wakipita na mizigo yao, askari wa kizuizi akiwafokea wasogee. Nilimwambia nimekuja kwa sababu nina shida kazini. Nikaanza kumweleza kwamba kuna msichana, amekuja kwangu jana—

Aliinua mkono haraka, kiganja kikiwa karibu na mdomo wangu.

“Usiniambie jina.”

“Sisemi jina. Nataka tu unipe shauri nifanye nini.”

“Alikuambia yote?”

“Yote.”

“Na we ulisikiliza.”

“Nilisikiliza, Mama.”

Alinitazama kwa huruma ambayo iliniogopesha kuliko maneno.

“Basi umechelewa,” alisema. “Siku Bwana akikuuliza, utakuwa unajua.”

Akasimama, akageuza mgongo, akaniomba nimsaidie kupandisha gunia. Lilikuwa zito, nililisukuma kwa bega mpaka likakaa. Alifunga kamba kwenye paji la uso, akainama, akaingia katika mstari wa wabebaji, na nilipojaribu kumtambua kwa nyuma niliona magunia tu.

Nilirudi kiwandani. Yule msichana alikuwa ananingoja mlangoni, na aliponiona alitabasamu.